Jenerali Mathews: Mzungu aliyepandisha bendera ya Sultani Uchagani



Ndugu msomaji, ukipanda kutoka mjini Moshi kwenda Old Moshi, wenyeji watakuonyesha mahali Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli na wenzake tarehe 2 Machi 1900. Kila mtoto wa hapa anaijua habari hiyo, na ni haki aijue. Lakini muulize mtoto huyo huyo, au hata mwalimu wake, bendera ya nani ilikuwa imepandishwa katika nchi ile kabla ya bendera ya Mjerumani. Wengi watanyamaza. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu wa somo la historia ya Uislamu, wengi wao wazaliwa wa mkoa huu, na sikumpata hata mmoja aliyejibu.

Bendera hiyo ilikuwa nyekundu tupu, ya Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar. Ilipandishwa kwa Mangi Rindi wa Moshi, baba yake Meli, katikati ya mwaka 1885. Na aliyeileta hakuwa Mwarabu, wala Mswahili wa Pangani. Alikuwa Mwingereza, luteni wa zamani wa jeshi la majini la Malkia, aliyekuwa ameajiriwa na Sultani kuwa jemadari wake. Jina lake Lloyd William Mathews. Mtu huyu baadaye alikuja kuwa mkuu wa serikali ya Zanzibar, juu ya mawaziri wote, na Sultani mwenyewe hakuwa na uwezo wa kumwondoa.

Imekuwaje mtu aliyekuja katika bahari yetu kukamata majahazi akaishia kutawala kwa jina la dola ya Kiislamu? Nadhani ni vyema tukaisoma habari yake kwa utulivu, bila chuki na bila kumpamba. Uislamu unatutaka tuwe waadilifu hata kwa tusiowapenda, na uadilifu huo unaanza na kusema yaliyotokea kama yalivyotokea.

Mathews alizaliwa tarehe 7 Machi 1850 huko Funchal, katika kisiwa cha Madeira. Baba yake alikuwa mtu wa Wales. Mwaka 1863, akiwa na miaka 13 tu, aliingia katika jeshi la majini la Uingereza kama kijana wa mafunzo. Alihudumu bahari ya Mediterania, kisha akashiriki katika vita vya Waingereza dhidi ya Waashanti, katika nchi ambayo leo ni Ghana, mwaka 1873 na 1874. Mwaka huo wa 1874 akapandishwa cheo kuwa luteni. Mwaka uliofuata, 1875, akapelekwa Zanzibar katika manowari iliyoitwa London.

Manowari hiyo haikuja kupigana. Ilikuwa meli kuukuu iliyotia nanga mbele ya mji wa Zanzibar, na kutoka humo mashua ndogo zilikuwa zikitumwa kuzunguka Unguja, Pemba na pwani ya bara kukagua majahazi. Kazi yao ilikuwa kutafuta watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alikuwa amelazimishwa, kwa tishio la kuzuiliwa bandari zake, kutia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kulifunga soko la watumwa la Zanzibar. Mkataba ukawepo, lakini biashara iliendelea kwa siri. Mathews alikamata majahazi kadhaa na wakubwa wake mjini London wakampongeza.

Hapa yatupasa tusimame kidogo, kwani jambo hili huwa linatupa taabu sisi Waislamu. Vitabu vingi tulivyosomeshwa mashuleni viliandika habari za utumwa kana kwamba Uislamu na utumwa ni kitu kimoja. Hilo si kweli na tuna haki ya kulikataa. Lakini wapo kati yetu wanaojibu uongo huo kwa uongo mwingine, wakidai kwamba biashara ile haikuwepo au ilikuwa ya Wazungu peke yao. Hapana. Majahazi yale yalikuwa ya watu waliokuwa wakiswali. Watu waliouzwa walitoka bara, pamoja na huku kwetu Uchagani, ambako mamangi walikuwa wakipigana na kuuza mateka na pembe za ndovu kwa misafara ya pwani. Mangi Rindi mwenyewe, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, alijipatia nguvu na bunduki kwa njia hiyo.

Dini yetu imeufanya ukombozi wa mtumwa kuwa ibada kubwa na kafara ya madhambi mengi. Kwa hiyo kazi ya kuwatoa watu wale katika minyororo ilikuwa kazi yetu kwanza. Tulipoiacha, akaja mwingine kuifanya, na akaifanya kwa masharti yake. Mlango aliopitia luteni Mathews kuingia katika nchi hii ni mlango ambao sisi wenyewe tuliuacha wazi.

Mlango wa pili ni jeshi. Kwa miaka mingi masultani wa Zanzibar walitegemea askari wa kukodi, Wamanga, Washihiri na Mabulushi, ambao utii wao ulikuwa ni wa mshahara. Barghash alikuwa mtu mwenye akili na maendeleo; ndiye aliyeleta maji ya mfereji mjini Zanzibar na kujenga Beit al-Ajaib. Akataka jeshi la kisasa. Mwaka 1877, kwa ushauri wa balozi wa Uingereza, John Kirk, akaombwa luteni Mathews aanzishe kikosi kipya. Mathews alikuwa na miaka 27. Alianza na watu mia chache, wengi wao Waafrika, akawafundisha gwaride na shabaha. Serikali ya Uingereza ikatoa zawadi ya bunduki 500. Baada ya miaka michache askari hao walikuwa zaidi ya elfu moja. Mwaka 1881 Mathews aliacha kabisa utumishi wa majini wa nchi yake, na Sultani akampa cheo cha Brigedia Jenerali.

Ni lazima tukiri kwamba kwa miaka ile Mathews alimtumikia Barghash kwa bidii. Mwezi Desemba 1881 mkuu wa manowari London, Kapteni Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipokuwa akikagua jahazi la watumwa la Hindi bin Khatim. Mathews ndiye aliyemwandama mtu huyo na askari wa Sultani hadi akampata huko Pemba, na Hindi akafa kwa majeraha. Katika miaka hiyo hiyo aliongoza askari bara dhidi ya Mbaruk bin Rashid, yule Mazrui wa Gasi aliyekuwa hakubali kutawaliwa na Zanzibar. Kila mahali alipokwenda, alikwenda kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake.

Sasa tuje katika mwaka 1885 na mlima wetu. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters aliingia bara nyuma ya Sadani na Bagamoyo, akapita Useguha, Unguru, Usagara na Ukami akikusanya karatasi alizoziita mikataba. Mwezi Februari 1885 Kaizari wa Ujerumani akatangaza kuzilinda nchi hizo. Barghash akapinga, akisema kwamba nchi hizo ni zake. Lakini madai matupu hayatoshi, ilibidi aonyeshe kwamba anamiliki. Akaamua kumtuma Jenerali Mathews Kilimanjaro, na balozi Kirk akaliona jambo hilo ni jema, kwani Waingereza nao walikuwa wakiutamani mlima huu. Mwaka mmoja nyuma Mwingereza mwingine, Harry Johnston, alikuwa amekaa Moshi kwa Rindi miezi kadhaa.

Mathews akaja na askari wake, akapita Taita na Taveta, akapanda Uchagani. Machifu wapatao 25 wa Taita na Uchaga wakakubali kuweka alama zao katika waraka wa kukiri kuwa wao ni raia wa Sultani wa Zanzibar. Rindi alikuwa mmoja wao. Bendera nyekundu ikapandishwa. Ikiwa mtu angesimama siku ile kwenye kilima cha Old Moshi na kutazama tambarare ya chini hadi upeo wa macho, angeweza kudhani kwamba dola ya Kiislamu imefika hapa kukaa.

Haikupita hata miezi miwili. Mwezi Juni 1885 akafika Karl Jühlke, mtu wa Carl Peters, na Rindi akaweka alama nyingine katika karatasi ya Wajerumani. Wengine humlaumu Rindi kwa kigeugeu. Mimi naona yeye alifanya kile ambacho mtawala mdogo hufanya akizungukwa na wakubwa. Alimpokea kila mgeni aliyekuja na zawadi na bunduki, kwa kuwa alikuwa na maadui zake hapa hapa mlimani, hasa Mangi Sina wa Kibosho. Kwake bendera ilikuwa alama ya urafiki. Hakujua kwamba huko Ulaya bendera hiyo hiyo ilikuwa ikihesabiwa kuwa hati ya shamba.

Na hatima ya mlima wala haikuamuliwa mlimani. Serikali ya London wakati ule ilihitaji msaada wa Ujerumani katika mambo ya Misri. Ikamwamuru balozi Kirk aache kuwapinga Wajerumani. Yaani mtu yule yule aliyeliunga mkono wazo la kumtuma Mathews, akaamrishwa amshauri Sultani kukubali. Tarehe 7 Agosti 1885 manowari za Ujerumani zikatia nanga mbele ya kasri la Barghash, mizinga ikiuelekea mji. Barghash akatazama huku na huku, akaona hana msaidizi, akakubali.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakagawana. Sultani akaachiwa visiwa vyake na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu. Kilimanjaro ikawekwa upande wa Mjerumani. Ndugu msomaji, ukitazama ramani ya mpaka wetu na Kenya leo, utauona mstari unaotoka ziwa Viktoria ukija umenyooka, kisha unapofika mlimani unapinda na kuuzunguka. Kipindi hicho cha mstari ndicho kaburi la safari ya Mathews. Machifu 25 na alama zao hawakuulizwa chochote.

Jiulize, Jenerali Mathews alikuwa wapi? Alikuwepo Zanzibar, bado ni jemadari wa Sultani, bado anavaa sare ya Sultani. Lakini jeshi alilolijenga lilikuwa la kuwapiga Mazrui na wafanyabiashara ya watumwa. Halikujengwa kumzuia Mzungu, wala bunduki zile 500 hazikutolewa kwa ajili hiyo. Hapo ndipo watu wa pwani walipoanza kufunguka macho. Mwezi Septemba 1888, Wajerumani walipochukua forodha za pwani na watu wa Pangani wakainuka chini ya Abushiri bin Salim, Sultani Khalifa bin Said alimtuma Mathews Pangani na askari kwenda kutuliza mambo. Watu hawakumsikiliza. Walimwona ni miongoni mwa wale wale waliowauzia nchi yao, na ikabidi aondoke. Bendera aliyokuja nayo ilikuwa ni ya Sultani, lakini watu walitazama aliyeishika.

Mwaka 1890 Zanzibar yenyewe ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Mwezi Oktoba 1891, Mwingereza aliyetumwa kuwa balozi, Gerald Portal, alipomaliza kuipanga upya serikali, Mathews akafanywa Waziri wa Kwanza. Hazina ikatolewa mkononi mwa Sultani, naye akapangiwa posho yake ya mwaka. Waziri huyo hakuwajibika kwa Sultani. Aliwajibika kwa balozi wa Uingereza. Nyaraka zote zilitoka kwa jina la Sultani, mahakama ziliendelea kuwa na makadhi, mizinga ya Idi iliendelea kulia. Jina lilibaki letu na kazi ikawa yao.

Kama mtawala, Mathews hakuwa mvivu wala hatukumsikia kuwa mla rushwa. Aliisimamia hazina, mwaka 1892 Zanzibar ikafanywa bandari huru, na kilimo kikaanza kutafutiwa mazao mengine zaidi ya karafuu. Alikaa katika nchi hii muda mrefu, akawa anazijua koo, desturi na lugha yetu. Waarabu wengi walimheshimu. Malkia akampa nishani, akaitwa Sir Lloyd. Haya yote ni kweli na hayapunguzi lolote katika yanayofuata.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia katika kasri na kujitangaza Sultani bila idhini ya Waingereza. Tazama jinsi mambo yalivyozunguka: mtoto wa mwajiri wake wa zamani amekaa kitini, naye Mathews anakwenda pamoja na balozi mdogo Basil Cave kumwonya aondoke. Khalid alikataa. Jeshi la Zanzibar, lile lililoanzishwa mwaka 1877, likagawanyika. Wapatao 700 wakawa na Khalid ndani ya kasri, na wapatao 900 wakasimama upande wa Mathews na Raikes, Mwingereza aliyekuwa akiwaongoza. Mabunduki ya Sultani yakaelekeana.

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti, mara baada ya saa tatu, manowari za Waingereza zikaanza kulipiga kasri kwa mizinga. Haikufika hata saa moja, mambo yakawa yamekwisha. Upande wa Khalid watu wapatao 500 walikufa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani na baadaye Dar es Salaam, na Hamoud bin Mohammed akawekwa kitini siku ile ile.

Wazungu husimulia habari hii kwa kucheka, kuwa ni vita vifupi kuliko vyote duniani. Sisi hatuna la kucheka. Waliokufa pale walikuwa Waislamu, na mtu aliyelipwa na hazina ya Zanzibar kwa karibu miaka 20 alikuwa amesimama upande wa mizinga. Je, alisaliti? Wapo watakaosema ndiyo. Mimi naona neno hilo linatuficha ukweli. Mathews hakuacha kuwa Mwingereza hata siku moja, na hakuna aliyemtaka aache. Tulimkabidhi jeshi, kisha forodha, kisha hazina, kisha serikali, tukitumaini kwamba siku ya haja atachagua kuwa wetu. Lawama ya siku ile ianzie kwa waliotoa funguo.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud alitia saini amri ya kuufuta utumwa kisheria katika Unguja na Pemba. Mathews, ambaye alikuja miaka 22 nyuma kukamata majahazi, sasa ndiye mkuu wa serikali ya kuitekeleza amri hiyo. Ungetegemea kwamba watumwa wangeachwa huru siku ile. Haikuwa hivyo. Mtumwa alitakiwa aende mahakamani kuomba uhuru wake, mwenye mtumwa alilipwa fidia, na masuria hawakuingizwa katika sheria hadi mwaka 1909. Waingereza waliogopa mashamba ya karafuu yasikose watu na hazina isikose kodi. Basi ule ukombozi uliokuwa sababu yao ya kuingia, walipokwisha kuingia ukawa jambo la kwenda polepole.

Mathews alifariki kwa malaria hapo Zanzibar tarehe 11 Oktoba 1901, akiwa na miaka 51. Alizikwa kwa heshima zote za kijeshi katika makaburi ya Waingereza nje ya mji. Nafasi yake akaichukua Mwingereza mwingine, na baada yake mwingine.

Huku kwetu mlimani, Rindi alikuwa amekufa mwaka 1891. Mwanawe Meli aliwapiga Wajerumani mwaka 1892 na kumuua kiongozi wao von Bülow, akashindwa mwaka 1893, na mwisho wake tumeutaja mwanzo. Bendera nyekundu ilisahaulika. Lakini watu wa pwani waliendelea kuja, wakaishi katika mji mpya uliokua baada ya reli kutoka Tanga kufika Moshi mwaka 1911, wakasomesha watoto wao na kuswali. Hawakuja na jenerali wala waraka wa kutiwa alama. Bendera ya Mathews haikutuachia msikiti hata mmoja. Waliotuachia Uislamu katika mji huu ni wafanyabiashara, mafundi, wapishi na walimu wa chuo ambao hakuna aliyewaandika.

Funzo langu kwa leo ni moja, nalo si kuwachukia wageni. Ni kwamba kazi tunayoiacha, mwingine ataifanya, na akiifanya itakuwa yake. Tuliacha kuwakomboa watumwa, ukombozi ukawa wa manowari. Tuliacha kujenga jeshi kwa mikono yetu, jeshi likawa la jenerali wa kuazima. Tuliacha kuzijua hesabu za serikali yetu, serikali ikapata Waziri wa Kwanza asiyewajibika kwetu.

Tujitazame sasa. Ni misikiti na madrasa mingapi katika miji yetu ambayo imejengwa na mfadhili, na mfadhili akiondoka hata taa haziwaki? Ni shule ngapi zina jina la Kiislamu juu ya lango, lakini anayeamua kinachosomeshwa ndani yuko mbali na wala hatumjui? Msaada si haramu, na mwenye kheri hatumkatai. Lakini mwenye nyumba anayemwachia mgeni funguo, daftari na sanduku, asishangae siku mgeni atakapomwonyesha mlango. Mwalimu mmoja anayelipwa na michango ya waumini wa mtaa wake, hata kama ni kidogo, ana uhakika zaidi kuliko jengo la ghorofa tusilojua litaendeshwa na nani mwakani.

Mwenyezi Mungu atupe uwezo wa kuzifanya kazi zetu wenyewe kabla hajaja wa kutufanyia.

Wabillahi tawfiq.